Matundu ya Wodi ya Wazazi

Kwa miaka miwili mhandisi yule alihangaika na michoro ya wodi mpya ya wazazi. Alitaka hewa ya moto itokee juu, kwenye matundu ya chini ya paa, ili wodi ipoe bila viyoyozi. Ujenzi alimwachia kaka yake wa tumbo moja, fundi aliyemwamini kama nafsi yake.

Wodi ilipofunguliwa, akina mama walilowa jasho. Wakubwa wa hospitali wakamcheka waziwazi, wakaagiza viyoyozi. Yeye akapanda ngazi, akabandua ubao wa dari. Kila tundu lilikuwa limezibwa na kupigwa lipu safi, na mkono ule aliujua.

"Kaka, ni wewe?" alimuuliza kaka yake aliyesimama chini ya ngazi.

"Muuza viyoyozi aliniahidi kazi, dada. Nilidhani hutajua."

"Ukawasikia wakinicheka, ukanyamaza!"

Mhandisi akashika nyundo na tindo, akaanza kuzibua mwenyewe, vumbi likimjaa usoni. Kufikia Ijumaa wodi ilikuwa imepoa, viyoyozi vikarudishwa kwa muuzaji. Kaka alipokuja kuomba radhi, dada yake alimpa kiti na kumsikiliza hadi mwisho. Lakini ujenzi wa jengo lililofuata alimkabidhi mtu baki.