Kamba ya Nguo ya Mama

Nikinusa nguo iliyokaushwa nje kwa upepo, kinachonijia kwanza ni hasira. Aibu hufuata baadaye. Wenzangu wakinusa shuka safi hufumba macho wakatabasamu. Mimi hukunja uso kama niliyeonja siki. Nawaambieni ninyi sababu yake, maana watu wa nyumbani kwetu nimewaficha hadi leo.

Mwaka wa 2017 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na tulikuwa tukikaa Nechells, Birmingham, ghorofa ya saba. Nguo zetu zilikaukia juu ya hita mwaka mzima, zikanuka vitunguu vya kila tulichokaanga. Mama, mzaliwa wa Mombasa, hakuizoea harufu ile hata siku moja. Alikuwa akiivuta kanga yake puani, anasonya, kisha anajifunga hivyo hivyo. Yeye na Baba walipoachana, akapata kazi ya kutunza wazee katika mji mdogo wa pwani, mwendo wa saa tatu kwa gari, akapanga nyumba yenye ua nyuma na kamba ya nguo. Tukahamia baridi ikiwa inaelekea ukingoni. Mimi sikuulizwa. Baba alibaki Nechells, marafiki zangu walibaki Nechells, nami nikaapa nitaichukia bahari ile mpaka inirudishe.

Na bahari yenyewe ilinisaidia. Ilikuwa na rangi ya chai iliyozidishwa maziwa. Maji yakipwa yalikwenda mbali hata usiyaone, yakaacha tope tupu na harufu yake. Mama siku ya kwanza alisimama ufukoni, mikono kiunoni, akasema, "Ai! Bahari gani hii isiyokaa nyumbani?" Akacheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilirudi garini.

Majira ya kuchipua yalipoingia, Mama akawa mtu mwingine. Maua ya manjano yalijiotea kando ya uzio, shakwe wakawa wanaiba mkate mpaka mezani, na jua lile changa likaanza kufika mlango wa jikoni. Siku zake za mapumziko alifua tangu asubuhi, hata mapazia yaliyokuwa safi. Akishaanika alitoa kiti, akakaa mlangoni kuota jua na kikombe cha chai ya tangawizi, nguo zikipigapiga juu ya kichwa chake. Alikuwa akifika chini ya kamba, anazika uso ndani ya shuka mbichi, anakaa humo kitambo.

"Njoo unuse, mwanangu," aliniita. "Hii breeze, wallahi, na ni free!"

"I'm not coming," nilimjibu kutoka chumbani kwangu juu, nikafunga dirisha kwa kishindo.

Kisha nikafunga na mdomo. Wiki nzima, halafu mwezi, Mama hakupata kwangu ila ndiyo na siyo. Chakula nilipanda nacho juu. Alinunua chipsi zenye siki akaenda kuzila peke yake kwenye ukingo wa bahari, na akirudi aliniwekea makombe ya baharini juu ya mto wangu, yamekwishaoshwa. Niliyatupa kwenye pipa la jikoni, juu kabisa, mahali ambapo lazima angeyaona. Nilikuwa mtoto mbaya, na nilifanya kazi hiyo kwa bidii.

Sasa, tulikuwa na jirani. Bi Pauline aliishi nyumba iliyofuata, na mwenye nyumba wetu alikuwa kaka yake. Zamani jikoni kwake aliiona bahari. Tulipohamia sisi akaanza kuona mashuka yetu. Kwanza alikohoa. Halafu akawa anasukuma vikaratasi mlangoni: Jumapili nguo zisianikwe, samaki wasikaangwe madirisha yakiwa wazi. Mama alivisoma, akavikunja, akavitia kwenye droo ya vijiko. Baada ya kikaratasi cha tatu akaanza kuanika kanga.

Kwetu, mnajua, kanga ina jina, na jina la kanga husema lile ambalo mdomo umeshindwa. Mtu akikuudhi humwendei na kelele. Unajifunga kanga yako ukapita mbele yake, au unaianika mahali atakapoiona, naye hana pa kushika. Mimi mwenyewe nilijifunzia kusoma Kiswahili kwenye kanga hizo. Kiswahili nilikielewa chote lakini nilijibu kwa Kiingereza, basi Mama alikuwa akizitandaza kitandani kule Nechells, akapitisha kidole chini ya herufi. "Kusema hutaki," alikuwa akiniambia, "basi angalau usome."

Nikazisoma zote, kutoka dirishani kwangu, maana kamba ilipita chini yake. Wiki ya kwanza: UMENUNA BURE, MIMI NIMETULIA. Wiki ya pili: KAMA NIMEKUKOSEA NIAMBIE. Baadaye: NYUMBA NJEMA SI MLANGO. Niliona haya nusura nife. Hivi kuna mtu mwingine duniani angempigia vijembe bibi wa Kiingereza asiyejua hata jambo na karibu? Tena vita vyenyewe kavipanga kinyume! Kanga zote alizianika uso ukitazama nyumba yetu, Bi Pauline akabakiwa na mgongo wake, herufi zimepinduka. Nikasema moyoni, huyu mama yangu ni mshamba kweli.

Siku moja mwezi wa tano Mama alikuwa kazini, na ile ya UMENUNA BURE ilikuwa kambani tena. Nilikuwa uani nikipiga mateke nguzo. Bi Pauline akaja kwenye uzio, na siku hiyo hakuwa mkali. Alikuwa ameshika vibanio vyetu vya nguo vilivyoangukia upande wake, akanipa kimoja kimoja. Akaniuliza yale maandishi yanasema nini. Alidhani ni dua, akasema, na rangi zake alikuwa ameanza kuzipenda.

Ningesema ndiyo, ni dua, yangeishia hapo. Badala yake nikamwambia kwa Kiingereza safi kwamba yanamhusu yeye, na kwamba yanasema yeye ni kizee mnuni asiyependwa na mtu. Kanga haikusema hivyo. Nilisimama nikautazama uso wake ukibadilika, akaingia ndani. Furaha niliyoipata pale ndiyo pekee niliyoipata pwani ile, na niliila yote.

Hazikupita wiki mbili, barua ikaja. Mwenye nyumba alikuwa na jamaa zake wanaoitaka nyumba. Tuondoke kiangazi kikiisha. Mama aliisoma amesimama kwenye sinki, mikono ina povu.

"Akufukuzaye hakwambii toka," akasema. Akanitazama kidogo, hakuniuliza kitu, akaendelea kuosha vyombo.

Siku ya mwisho ya kufua, kamba nzima ilikuwa na kanga moja tu. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Niliisoma, nikavuta pazia.

Tukarudi Nechells, ghorofa ya nne safari hii, na hita zile zile. Baba alikuwa keshaoa mke mwingine, na marafiki zangu walikuwa wamepata marafiki wengine. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na kweli hakuna aliyeniambia. Mama alianika juu ya hita na kusonya kama zamani.

Siku hizi anakaa Hodge Hill, papo hapo Birmingham, nyumba ya chini yenye kiuwanja kidogo. Mwaka huu, jua la kwanza lilipotoka, nilikwenda kumsaidia kufua kwa sababu mgongo unamsumbua. Nilianika kanga yake mpya harakaharaka, yeye akinisimamia mlangoni na chai yake.

"Geuza hiyo," akasema. "Jina limtazame anayeambiwa. Hivyo unavyoanika wewe, waambia nani? Fence?"

Kibanio kikabaki mkononi mwangu. Niliuona ule ua, ile kamba, lile dirisha juu yake. Katika mji mzima ule, mtu aliyejua kusoma Kiswahili, ukimtoa Mama, alikuwa mmoja, na kila kanga ilitazama chumba chake.

"Mama," nikasema, na safari hii nilisema kwa Kiswahili, "zile kanga za kule pwani..."

"Kule kulikuwa na upepo mzuri," akanijibu, akaingia ndani kutazama chungu chake.

Sikumfuata. Sijamwambia ni nani aliyesema na Bi Pauline pale uzioni, na sijui kama hajui. Niliigeuza kanga nikaibana vizuri pembe zote mbili. Mama yangu alikuwa amekaa miezi ile yote akiniuliza kama amenikosea, nami jibu nikampelekea jirani.