Uzi Mwekundu Nyuma ya Kasha

Kaka yangu wanamwita Daktari, ingawa hajawahi kumshika mgonjwa hata wa mafua. Anatengeneza kompyuta. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na miwili tumegawana chumba kimoja chenye mlango mmoja, yeye kushoto na bisibisi zake, mimi kulia na vitambaa vyangu. Mteja akiniona na kuuliza huyu naye nani, kaka hujibu bila kuinua kichwa: "Mdogo wangu huyo. Anashona tu." Hilo "tu" nimelimeza mara nyingi kuliko chai.

Tulikuwa na mapatano yetu. Macho yangu ya karibu yalianza kunikimbia mapema, na miwani niliyonayo inaona kila kitu isipokuwa tundu la sindano. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajafungua kasha la kompyuta ya mtu, kaka alikuja upande wangu, akalamba ncha ya uzi, akaupitisha mara moja tu, huku akinitania kwamba bila yeye ningekuwa nauza vitambaa vikiwa majora. Mwaka huu akaacha. Nikimwita anasema, "Nimeshika kitu." Kesho yake pia ameshika kitu. Ni kweli alikuwa amechoka. Alifika amekunja mabega, akajitupa kitini kama mtu aliyetoka kulima, na hata utani ulipungua. Lakini kutunga uzi ni kazi ya sekunde tatu. Nikaona amepata kiburi cha uzeeni. Nikawa nawaomba wateja, wangu na wake, wanitungie, na yeye nikamnunia.

Ndipo ikaja kompyuta ya mchora ramani. Huyu ni mteja wetu wa siku nyingi, anachora nyumba za watu, na mashine yake ilikuwa inazima kila ikipata joto. Kaka akaitia feni tatu mpya, mbili mbele na moja nyuma. Somo lake nalijua kwa moyo, maana humwimbia kila mteja: "Hewa baridi iingie mbele, hewa moto itoke nyuma. Feni si urembo. Zote zikipuliza ndani, ni sawa na kumfungia mlango mgeni anayetaka kuondoka."

Baada ya siku mbili ikarudi. "Imezima nikiwa nachora ngazi," mchoraji akasema. Kaka akabadilisha ile dawa inayopakwa juu ya prosesa, akaiwasha mezani kutwa nzima ikiwa wazi, ubavu mmoja umeondolewa. Ikakaa baridi kabisa. Akaifunga, akaikabidhi. Ikarudi tena.

Mara hiyo ya pili kurudi, mchoraji hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliiweka chini taratibu. "Fundi, Jumatatu nakabidhi michoro. Ikizima tena sitakulaumu, ila nitaipeleka kwingine."

Alipoondoka, kaka alikaa akitazama ukuta. "Hii ikirudi tena nafunga meza," akasema. "Nimechoka, dada. Kweli nimechoka."

Nilikuwa karibu kumhurumia. Lakini akaongeza: "Na tatizo ni hayo manyoya ya vitambaa vyako. Ndiyo yanayoziba mashine za watu."

Damu ikanipanda. "Miaka ishirini na miwili manyoya yangu hayajaua mtu, leo ndiyo yamekuwa sumu?"

"Hamishia cherehani yako mlangoni."

"Hamisha kwanza ulimi wako."

Hatukusemezana tena mpaka mchana. Meza yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo safari hii alilifunga kasha kabla ya kulijaribu, akaliweka sakafuni karibu na miguu yangu, mgongo ukinielekea, likawa linanguruma. Mimi nilikuwa napinda sketi ya sare. Nikakata uzi mwekundu kwa mkasi. Kile kipande, badala ya kuanguka, kikaelea, kikaenda kunasa kwenye matundu ya nyuma ya kasha. Nikakitoa, nikakiachia. Kikarudi palepale. Mambo ya prosesa siyajui, lakini ule wimbo nilikuwa nimeusikia miaka yote hiyo.

"Kaka," nikasema, ingawa nilikuwa bado nimenuna. "Nyuma si ndiko hewa inakotokea?"

"Ndiko."

"Mbona inavuta?"

Alikuja, akapiga magoti polepole, akaweka kiganja kwenye matundu. Kiganja kikakaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Feni zote tatu zilikuwa zinapuliza ndani. Pale mezani kasha lilipokuwa wazi joto lilijitokea lenyewe, lakini likifungwa halikuwa na pa kwenda.

Aliizima, akaifungua feni ya nyuma, akaipapasa. "Niliiweka kwa kupapasa na kidole gumba," akasema. "Siku zote upande wenye vishikizo vya mota ndiko hewa inakotokea. Hizi mpya, nyingine zimetengenezwa kinyume."

"Na hazina alama?"

"Zina mshale. Hapa pembeni."

"Sasa kwa nini hukuutazama?"

Aligeuza feni mkononi, akaigeuza tena. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo kwa sababu mikono imeshindwa, "Siuoni."

Akanieleza pale pale sakafuni. Mwezi wa pili alikwenda hospitali ya macho, peke yake, akaniaga kwamba anafuata vipuri. Wakamwambia ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia limebaki nusu, na kilichokwenda hakirudi. Wamempa matone ya kulinda kilichobaki. Akavuta kopo la skrubu, akanionyesha kichupa katikati ya skrubu.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia, kwa kuwa hasira ilikuwa bado ipo karibu na ulimi. Halafu nikalia. Nililia kwa ajili ya jicho lake, na nililia kwa aibu, kwamba miezi yote ile nilimnunia mtu asiyeona kwa sababu hanitungii uzi.

Nilipomaliza nikajifuta kwa ile sketi ya mtoto wa watu. "Lete hiyo feni nikusomee."

Nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Nikavaa miwani, nikavua, nikaisogeza mbali, nikaileta puani.

"Umeuona?"

Nyani haoni kundule. Mimi niliyemsuta mwenzangu kwa macho sikuona mshale wala kivuli chake. "Kaka," nikasema, "labda wamesahau kuuchora."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka uanze. Kilikuwa kicheko cha kuchoka, nusu yake kikohozi, lakini nilishukuru kukisikia.

Basi tukabaki na uzi. Akaigeuza feni, akaifunga, akawasha. Nikaushika uzi mwekundu nyuma ya kasha, nao ukaruka kunifuata mimi.

"Inatoka?"

"Inatoka."

"Sogeza nione."

Nikausogeza kushoto kwake, karibu sana, mpaka ncha ikagusa kope zake. Hakupepesa kabla haujamgusa. Nikauhamishia kulia bila kusema kitu.

"Naam," akasema. "Inatoka."

Tukajaribu na za mbele, uzi ukavutwa ndani kama inavyotakiwa. Tukaliacha kasha likiwa limefungwa na linafanya kazi mpaka saa ya kufunga, na kesho yake kutwa. Halikuzima. Kila baada ya muda kaka aliniuliza uzi unasemaje, na mimi nikaacha sketi nikaenda kuupima.

Mchoraji alipofika nilijua kaka atasema ni vumbi. Wateja hawabishani na vumbi. Yeye akasimama, akashika meza kwa mikono miwili.

"Feni ya nyuma niliiweka kinyume mimi mwenyewe," akasema. "Macho yangu hayaoni vizuri tena. Ukitaka kuipeleka kwingine, sina neno."

Mchoraji alimtazama, akalitazama kasha. "Na sasa hivi imekaguliwa na nani?"

Kaka akainua bisibisi, akaielekeza upande wangu. "Muulize fundi mwenzangu yule. Yeye ndiye aliyeona."

Mchoraji akanigeukia. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa nimetayarisha majibu ya "anashona tu", mengine makali sana. Kwa hili sikuwa na hata moja.

"Inaingia mbele, inatoka nyuma," nikasema. "Nimeipima."

"Basi naichukua," mchoraji akasema. "Jumanne nitawaletea na ile ya ofisini."

Kaka akaketi kwa uzito, kama kawaida yake siku hizi. Mimi nikainamisha kichwa juu ya cherehani nikajifanya natunga uzi, kazi ambayo wote watatu mle ndani tulijua siiwezi.