Fundo Kwenye Utosi wa Mgeni

Kwa miaka ishirini na miwili, kila siku kabla watawa hawajaamkia sala, Bi Kitambaa alikuwa ameshamfuta Buda uso. Alifungua hekalu kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akaburuta ngazi ya mbao kutoka nyuma ya kabati la mishumaa, akasukuma kipande cha boksi chini ya mguu mmoja wa ngazi, ule uliozaliwa mfupi, kisha akapanda na kitambaa begani. Akifika juu alisema maneno yale yale: "Samahani mzee, napita juu yako kidogo." Ndipo alipofuta utosi, masikio, na mwishowe kope. Hakuna aliyemwona akifanya hivyo, na hakuna aliyejiuliza kwa nini sanamu yao haishiki vumbi. Waumini wengi walidhani ni utakatifu.

Kamati ya hekalu nayo ilikuwa na kanuni moja iliyoipenda kama mboni ya jicho: binadamu asisimame juu ya kichwa cha Buda. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu aliyestaafu darasa tu, si kufoka, aliiandika kwa herufi kubwa na kuibandika mlangoni. Mwaka mmoja bati lilitoboka, na fundi akakatazwa kupanda darini kuliziba. Mvua ikanyesha ndani kwa adabu zote, na Bi Kitambaa akadeki.

Basi ikapatikana sanamu mpya. Mfanyabiashara wa matairi, tajiri mwenye imani nyingi na mpiga picha wake mwenyewe, alitoa sadaka ya Buda wa mawe meupe, urefu wa watu wawili, na ile ya zamani ya plasta ikahamishiwa chumba cha watawa cha kusomea. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni hata hajafika, mwenyeji alishaandikiwa barua.

"Kuanzia pale sanamu itakapokaa kwenye kiti chake," ilisema barua hiyo yenye sahihi ya mwenyekiti, "utahesabika umestaafu kwa heshima. Usafi utafanywa na kampuni yenye mitambo ya kisasa. Utakaa mstari wa mbele kwa heshima, utapewa cheti cha heshima, na utarudisha ufunguo."

Bi Kitambaa aliipeleka barua kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa fundi cherehani. Wifi aliisoma bila kutoa pini mdomoni.

"Wifi yangu, heshima tatu kwenye karatasi moja. Mtu akikuheshimu hivyo, shika mkoba wako."

"Wanachukua ufunguo," alisema Bi Kitambaa.

"Si wauchukue? Magoti yako yenyewe yanalia kama mlango wa choo. Pumzika."

Bi Kitambaa aliichukua barua akaikunja, kwa sababu angejibu angelia. Aliumia, na hakuna neno jingine la kutumia. Tangu mumewe afariki, ile nusu saa juu ya ngazi ndiyo pekee katika siku nzima ambayo hakutumwa na mtu. Huko juu alieleza yote: mguu unaovimba, binti asiyepiga simu, na mara nyingine wifi mwenyewe. Buda alisikiliza kwa kope zilizoinama na hakumpa ushauri hata siku moja. Kwa walio hai hakuwahi kupata bahati hiyo.

Siku ya mapokezi ilifika. Ukumbi ulisuguliwa, maua yakapangwa, na kila kilichoonekana kibovu kikatupwa, pamoja na kile kipande cha boksi. Mafundi walimwingiza mgeni kwa magogo ya kuviringisha, wakamfungia mkanda, wakamnyanyua kwa mnyororo ulioning'inia moja kwa moja juu ya kichwa chake. Mnyororo haukuhesabiwa kuwa binadamu, kwa hiyo kanuni ilisalimika. Saa nne kamili mgeni alikaa kwenye kiti chake cha saruji, mafundi wakakunja vyombo vyao na kuondoka, na mwenyekiti akamkabidhi Bi Kitambaa cheti chenye nakshi za dhahabu, kisha akanyoosha kiganja. Alivua ufunguo shingoni. Shingo ikawa nyepesi, na wepesi ule haukumpendeza.

Lilibaki jambo moja dogo. Mgeni alikuja amefungwa macho kwa kitambaa cha manjano, kilichopita usoni na kukazwa fundo juu ya utosi. Desturi ya hekalu ni kwamba macho hayafunguliwi hadi sanamu iwe imeketi na sala imesomwa. Kamati ilifanya mazoezi mara mbili, tena kwa bidii: waliweka mtungi wa maji juu ya kigoda, wakaufunga kitambaa, na mwenyekiti akakifungua kwa vidole viwili, taratibu, huku wajumbe wakimpigia makofi.

Sala ikaisha. Mwenyekiti akasogea mbele, akainua mkono kufungua fundo, na mkono ukaishia kwenye goti la Buda.

Akatazama juu. Wajumbe nao wakatazama juu. Fundo lilikuwa huko lilikokuwa, na kulifikia kulitaka mtu apande hadi juu ya kichwa, yaani avunje herufi kubwa za mlangoni mbele ya mkutano mzima. Ghafla kila mjumbe akajikuta hastahili. Mmoja alisema yeye bado ni mwenye dhambi, mwingine akamwunga mkono kwa moyo wote. Katibu akaleta fimbo ya pazia, akachokoachokoa, akamgonga Buda puani mara mbili, na ile ya pili ikasikika hadi nje. Mwenye matairi akamwambia mpiga picha wake asubiri kidogo.

Mwenyekiti, jasho likimtoka, aliinama kwenye kiti cha Bi Kitambaa. "Mama, hebu tusaidie. Ile ngazi yako ipo wapi?"

"Mimi ni mstaafu, mwalimu. Mmenistaafisha saa nne. Cheti hiki hapa."

"Mama, watu wanatutazama."

"Naona. Mmenipa mstari wa mbele, naona vizuri sana."

Ilikuwa tamu, asitufiche. Asante ya punda ni mateke, na leo punda alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni. Angeweza kukaa pale hadi jioni. Lakini aliponyanyua macho alimwona yule mgeni, amekaa kwa utulivu, amefungwa kitambaa kama mtu wa kuchezewa, pua ikiwa na alama ya fimbo. Utamu ukamtoka.

Mtawa mkuu, mzee ambaye wote walimwita Babu, alikuja polepole akasimama mbele yake. "Mwanangu, magoti yangu yamekataa," alisema. "Nisaidie."

Akainuka, akatia cheti mkobani, akaburuta ngazi. Ikayumba, kwa kuwa boksi halikuwepo. "Mwalimu," alisema, "shika mguu huo hapo. Huo mfupi."

Mwenyekiti akapiga magoti kwenye sakafu iliyong'aa na kuushika kwa mikono miwili. Bi Kitambaa akapanda, ngazi kwa ngazi, hadi ukumbi mzima ukawa chini yake. Hakufikiri, mdomo ulijisemea wenyewe: "Samahani mzee, napita juu yako kidogo." Kila mtu akasikia. Akalegeza fundo, akavuta kitambaa, na kwa kuwa utosi ulijaa unga wa mbao za kasha alilosafirishiwa, akaupangusa kwa kitambaa hicho hicho, kisha masikio, kisha kope.

Aliposhuka mwenyekiti alikuwa bado magotini. "Mama," alinong'ona, "miaka yote hiyo ulikuwa unasimama juu ya kichwa chake?"

"Mwalimu, vumbi hutua juu. Mlidhani alikuwa anajifuta?"

Babu alicheka hadi akashika mbavu, na ukumbi ukapata ruhusa. "Mrudishie ufunguo," alisema alipopata pumzi.

"Na kampuni, Babu? Tumeshawaalika."

"Ua ni kubwa. Wafagie ua."

Kesho yake, kabla ya sala, Bi Kitambaa alifungua hekalu, akaburuta ngazi mbele ya mgeni, ikayumba. Akatafuta boksi kila pembe akalikosa. Akafungua mkoba, akatoa cheti, akakipima kwa kidole gumba: karatasi nzuri, ngumu, kamati haikubana pesa. Akakikunja mara nne na kukisukuma chini ya ule mguu mfupi, akapanda, na ngazi haikutikisika hata kidogo.