Programu Iliyomfuta Bukuru

Vijana wakiniuliza nilivyoingia kwenye kazi ya kompyuta, huwasimulia jinsi nilivyoifungua redio ya baba kule kijijini kwetu Mbuba nimtafute mtangazaji ndani, nikachapwa, kisha nikaiunganisha ikaongea tena. Huwa naishia hapo. Leo nasema yaliyobaki.

Sifa ya ile redio ilinipatia kazi kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi hapo Ngara, kuingiza majina kwenye kompyuta. Wakubwa walilalamika kwamba kuna watu waliojiandikisha mara mbili. Mimi mjuaji nikaandika programu yangu ya kwanza: jina na tarehe ya kuzaliwa vikifanana, abaki mmoja. Ilifuta watu wengi. Nikapongezwa, nikavimba kichwa.

Nilisahau kwamba wasiojua tarehe zao tuliwaandikia wote mosi Januari. Nikasahau kwamba kwetu, kama ilivyo Burundi, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Bukuru, kila nyumba.

Siku ya mgao wa unga, bibi mmoja alirudishwa kutoka kwenye foleni, akaja mezani kwangu na mjukuu aliyekonda, akanipa kadi ya mtoto. Nikalitafuta jina kwenye kompyuta.

"Shikamoo bibi. Bukuru tayari yumo, haingii mara mbili."

"Marahaba. Huyo aliyemo ni wa nyumba nyingine. Pacha wa huyu wangu tulimzika njiani. Aliyebaki ni huyu, nanyi mmemwondoa. Wewe unaitwa nani, mwanangu?"

Nikafunika kwa kiganja kitambulisho kilichoning'inia kifuani. Mwenzangu wa meza ya pili akanijibia, bila kujua lolote:

"Huyo ni Bukuru, bibi."