Juisi Iliyotiwa Mvinyo Kimyakimya

Jumapili nilialikwa nyumbani kwa mtu Diani, kwenye ile staftahi ya kuchelewa inayoingia hadi chakula cha mchana. Mwenyeji, kijana wa kutoka bara, nilimwona jikoni akimimina chupa nzima ya mvinyo wa mapovu katika jagi la juisi ya machungwa na pasheni. Akalileta mezani bila neno.

Jirani yake, mama wa Kidigo, Mwislamu wa swala tano, aliyekuja na sahani ya mahamri, akainusa gilasi yake.

"Mwanangu, humu mna nini?"

"Ni juisi tu, mama. Imechangamshwa kidogo."

"Imechangamshwa na nini?"

Kijana akacheka, akatazama dari. Nikaropoka: "Ni mvinyo, mama! Usinywe!"

Mama akaisukuma gilasi kwa kidole kimoja hadi katikati ya meza. "Mimi sikukukataza kunywa, mwanangu. Mbona wewe ulitaka kuninywesha?"

Baadaye kijana akanivuta kando. "Umeniharibia shughuli. Asingejua!"

Asingejua! Ugumu gani kuweka chupa huku na jagi kule, kila mtu ajichanganyie? Kinywaji usichoweza kumtajia mgeni wako, kinywe peke yako jikoni.