Mayu Nyanjige na Lipstiki ya Nyudi

Duka la Mayu Nyanjige pale stendi ya Bariadi ni dogo kiasi kwamba mteja mnene akiingia, mwenye duka anatoka. Lakini wanawake walikuwa wanalifuata kutoka Migato mpaka Lagangabilili kwa sababu moja tu: Mayu hakuuza kipodozi ambacho hakijapita usoni kwake. Lipstiki mpya ikija, anajipaka asubuhi, anakunywa chai ya maziwa kwenye kikombe cheupe, mchana anakula ugali na mlenda, halafu saa nane anatoa hukumu. Ikikataa, anasema imekataa, hata kama ana katoni nzima chini ya meza.

Mwaka jana ikaja ile ya nyudi. Wasichana wa mtandaoni walikuwa wanaiapia: haitoki, haifutiki, utadhani ni rangi ya mdomo wako mwenyewe. Mayu, mweusi wa kung'aa, akajipaka. Mimi nilikuwa hapo dukani, chuo nimekiacha njiani, kazi yangu kubwa kuchekesha watu kwenye simu. Nikamrekodi.

Chai ikapita. Mlenda ukapita. Kikombe hakina hata alama. Mayu akajitazama kwenye kioo, midomo imepauka kama ya mtu aliyekuwa anabugia udaga, ule unga mweupe wa muhogo, akakurupushwa, akasema taratibu:

"Haitoki, kweli. Hapo hawajadanganya. Ila nyudi hii ni ya mdomo wa nani? Wangu haumo."

Sijamsikia akitoa hukumu nzuri kuliko ile. Mimi kwenye video nikaikata. Nikabakiza midomo tu, nikaandika juu yake: "Mama kafumaniwa anaramba udaga."

Nikairusha mtandaoni; kufika jioni mji mzima unacheka. Jumapili anatoka kanisani na kwaya yake, wajinga wawili wakamwita Mama Udaga mbele ya wenzake. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliniuliza tu, "Na maneno yangu uliyaweka wapi, mwanangu?"

Nikafuta ile video, lakini ilishakuwa kwenye simu za watu. Tangu hapo Mayu hajipaki kitu mbele ya mtu.

Wiki iliyopita akaingia Apolonia, anaolewa mwezi ujao, mweusi kama Mayu, akaishika nyudi ileile.

"Mwangaluka, Mayu. Hii inafaa?"

"Soma kwenye boksi, mwanangu."

Nikashindwa kuvumilia. "Mayu, si umwambie!"

"Mwambie wewe. Wewe ndiye mwenye maneno."

Nikamwambia yote: haitoki, ila kwa ngozi zetu inapauka, kwenye picha za harusi utaonekana umetoka kuugua. Sijawahi kusema kitu kwa uzito namna ile. Apolonia akanitazama, akakumbuka mimi ni nani, akacheka mpaka akashika meza.

"Wewe nawe! Kila siku utani tu."

Akalipa. Mayu akamfungia kwenye karatasi, hakuniangalia.