Ua la Bibi Sadbarg

Zikriyo alikuwa mgawa maji wa kijiji cha Chashmasor tangu ndevu zake zikiwa nyeusi hadi zilipofanana na theluji. Miaka yote hiyo hakumwona mtu akitema mate mferejini. Watu walikuwa maskini, lakini walikuwa na haya. Siku hizi haya imekufa, wala hakuna aliyeizika, na uvundo wake umetapakaa mlima mzima.

Alilijua hilo, lakini alipanda mlimani. Theluji inapoanza kuyeyuka, watoto hupanda kuchuma boychechak, lile ua jeupe linalotangulia mengine yote, wakalitembeza nyumba kwa nyumba wakiimba. Mkubwa wa nyumba huligusisha machoni pake, akashukuru kwamba baridi haikumchukua, kisha akampa anayemfuata kwa umri. Dada yake, Bibi Sadbarg, hakuwahi kulikosa. Mwaka huu alikuwa kitandani tangu theluji ya kwanza, na kila mkate aliopelekewa ulirudi karibu mzima.

"Niletee ua, Zikriyo," alimwambia. "Nijue kama nimeufikia mwaka huu. Nikijua, nitakula."

Zamani kijiji kizima cha watoto kingemfuata. Leo walikuwa wajukuu wawili, Mohira na Daler, na huyo Daler ilibidi anyang'anywe simu kwanza.

Chemchemini walikuta gari limeingizwa magurudumu majini, na jamaa mmoja mnene akilisugua kwa sabuni. Povu lilikuwa safarini kuelekea kijijini. Muziki ulinguruma. Mkewe alikaa kwenye zulia moja na mishikaki, akamfungua mtoto pampasi, akaikunja, akaitupa nyuma ya bega bila hata kugeuka.

Zikriyo alisikia chai ya asubuhi ikimpanda kooni. "Kijana," alisema, "maji haya yananywewa."

"Basi leo watakunywa soda," jamaa akacheka. "Karibu mshikaki, mzee. Usikunje uso hivyo, umeshakunjamana vya kutosha."

"Nyumbani kwenu mnajisaidia chunguni?"

"Ala! Mlima huu ni wa baba yako?"

"Ungekuwa wa baba yangu, ungekuwa safi."

Mke alicheka. Mume akaongeza sauti ya muziki.

Juu kidogo, mteremko wa maua ulikuwa umegeuka jaa. Mifupa, chupa, mapampasi ya msimu uliopita, na mifuko iliyonasa kwenye miiba ikipepea kama vitambaa vya nadhiri vinavyofungwa mitini. Zikriyo alipekua kwa fimbo, kipande kwa kipande, akiziba pua kwa ncha ya kilemba. Hakuona ua.

Wajukuu walikuwa wameokota kifuniko kikubwa cha plastiki na kuteleza nacho kwenye mabaki ya theluji.

"Babu, njoo upande!" Daler aliita. "Au unaogopa kuvunja kiuno?"

Walikuwa na furaha kwelikweli. Hilo ndilo lililomchefua kupita yote: walikuwa wameibiwa na hawakujua.

Mara Mohira akapiga kelele. "Babu! Lipo! Lipo moja!"

Zikriyo alikimbia kama kijana. Lilikuwepo kweli, jeupe, limeinamisha kichwa, limepenya katikati ya pampasi iliyooza.

"Liache hapohapo."

"Lakini babu, ni lenyewe!"

"Ni najisi. Mtu alipake machoni pake? Dada yangu?"

"Nitaliosha."

"Kwa maji yapi? Yale ya sabuni?"

Mohira alikuwa ameshalichuma, anateremka mbio, na Daler nyuma yake. Zikriyo aliwafuata akiwatukana, kisha akatukana magoti yake.

Alipofika kwa dada yake, wimbo ulikuwa umeshaanza kizingitini. Bibi Sadbarg alikuwa ameinuliwa kwenye mito. Alilipokea ua kwa mikono miwili, akaligusisha jicho moja, kisha la pili. "Mwaka huu tumefika. Na ujao tufike salama." Akalinusa. "Mbona linanuka sabuni?"

"Limeoga, bibi," Daler alisema.

"Afadhali. Wewe hujaoga tangu kuzaliwa." Alicheka hadi akakohoa. Kisha akanyoosha mkono. "Zikriyo, zamu yako."

Chini ya sabuni ile harufu nyingine ilikuwepo. Yeye aliijua ilikotoka. Aliziba pumzi. Alitaka kulisogeza tu karibu, lisimguse, lakini dada yake hakuliachia. Alilikandamiza mwenyewe kwenye macho ya mdogo wake, kama alivyokuwa akimnawisha uso utotoni. Lilikuwa na ubaridi. Alisema, "Amina."

"Mkate uko wapi?" Bibi Sadbarg aliuliza. Mohira akakimbilia jikoni. "Na mlilipata wapi, ndugu yangu? Palepale penye mteremko wetu?"

Maishani mwake hakuwahi kumdanganya.

"Palepale, dada," alisema. "Pamejaa meupe matupu."

Akatoka nje haraka, akatapika ukutani.